Sauti ya Mwanafunzi katika Ufundishaji wa Fasihi Simulizi kwa Njia ya Intaneti

Vyuo vikuu vya Kenya vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi wa lugha waliihamishia mihadhara yao kwenye video ya moja kwa moja. Ilidhaniwa kwamba mhadhara ukisikika, somo limefundishwa. Dhana hiyo haikidhi haja ya fasihi simulizi. Fanani asemapo "Paukwa", hadhira haina budi kuitika "Pakawa". Maikrofoni zikizimwa, hadhira haipo.

Aidha, video hula data nyingi. Mwanafunzi wa mtaa wa Mowlem, mashariki ya Nairobi, mwenye bando dogo hulazimika kuzima kamera, naye akadhaniwa mzembe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ungemfaa zaidi: gharama yake ni ndogo, nao ungemwezesha kurekodi vitendawili vya majirani wasemao Kikamba, Kijaluo, Kiluhya au Sheng. Ni kweli kwamba sauti iliyorekodiwa haionyeshi ishara za mwili, wala hairuhusu kuitikiana papo kwa papo. Hata hivyo, humfanya mwanafunzi kuwa msemaji na mtafiti. Yafaa zana za kufundishia lugha zipimwe kwa kigezo hicho kwanza.