Piramidi Ndani ya Kilobaiti 64

Mwaka 1982 kampuni ya Gottlieb ya Marekani ilitoa Q*bert, mchezo wa kabati la kutumbukiza sarafu. Kiumbe wa rangi ya chungwa mwenye pua ndefu hurukaruka juu ya piramidi ya michemraba 28, na mchemraba anaoukanyaga hubadilika rangi. Mwaka huohuo ilitoka Commodore 64, kompyuta ya nyumbani. Tumtazame fundi anayeuhamisha mchezo huo kutoka kabatini hadi sebuleni.

Huanza na penseli. Kwenye karatasi ya miraba huchora mchemraba mmoja: paa, ubavu wenye mwanga, ubavu wenye kivuli. Kioo cha Commodore kimegawanywa vyumba 40 kwa 25, kila kimoja nukta 8 kwa 8. Nukta zikiunganishwa mbilimbili, chumba hubeba rangi nne: tatu ni za kioo kizima, moja ni ya chumba chenyewe. Hiyo moja fundi huitunzia paa. Kwa hiyo chumba kimoja kisibebe paa za michemraba miwili. Hufuta, hupima, huchora tena, mpaka mistari yote ikubali.

Kisha humgeukia kiumbe. Chipu ya picha humpa eneo la nukta 24 kwa 21; nukta nane hukaa katika baiti moja, basi umbo zima ni baiti 63. Humo lazima yaenee macho, miguu na pua ile.

Mruko nao hautaki haraka. Kuukokotoa kila mara kungeichosha prosesa ya takriban megahezi moja, hivyo fundi huukokotoa mapema na kuuandika kama orodha ya namba: panda nne, tatu, mbili, moja, tulia, shuka. Kwa mashine za Ulaya, kioo huchorwa mara 50 kwa sekunde, na kila mchoro una mizunguko 19,656 tu ya prosesa. Ndani ya mizunguko hiyo asome mkono wa kuchezea, asogeze maadui, atoe sauti. Ikizidi, mchezo hukwama. Naye hurudi kutafuta amri moja ya kupunguza.

Mguu unapotua, programu huandika upya rangi ya vyumba vichache tu, bila kuligusa umbo. Paa hugeuka papo hapo. Mchezaji haoni karatasi wala orodha ya namba. Huona papo hapo hiyo, na ndani yake imo kazi yote ya fundi.