Milima katika Zaburi ya 121: Faraja Iko Wapi?

Zaburi ya 121 husomwa mara nyingi kwenye matanga, na wasomaji wengi huichukua milima inayotajwa mwanzoni kuwa ishara ya Mungu. Tukiihakiki kama shairi, maelezo hayo hayatoshi.

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952), nafsineni anaielekea milima kwa macho, kisha anauliza msaada wake utatoka wapi. Mtahiniwa asikimbilie kuliita hilo swali la balagha, kwani linajibiwa papo hapo: msaada hutoka kwa Muumba wa mbingu na nchi. Milima basi haimfariji, inamchochea aulize.

Maumbile yana sura mbili humu. Mguu waweza kuteleza; jua na mwezi vyaweza kudhuru. Hata hivyo, Mungu anaelezwa kwa istiari ya kivuli, na msafiri aliyechomwa na jua anaijua thamani yake. Aidha, dhana ya kulinda inarudiwa mara sita katika mistari minane. Takriri hiyo haikanushi hatari. Inasisitiza kwamba apitaye humo ana mlinzi.

Tangu mstari wa tatu, "mimi" anageuka "wewe": mwenye hofu sasa anasemeshwa.

Kwa hivyo, mwalimu, tusiwafunze wanafunzi kutaja taswira tu, bali waeleze kazi yake. Mfiwa naye haambiwi kwamba njia haina mawe. Anaambiwa yuko anayekesha.