Pindo Si Fremu

Kila mara Tar Beach ya Faith Ringgold inapojadiliwa, kuna mtu atasema "fremu". Anamaanisha ile miraba ya vitambaa vya maua inayoizunguka picha. Juzi nililisikia tena neno hilo kwenye semina, likanikera kuliko linavyostahili.

Kazi hiyo ya mwaka 1988, iliyo mali ya makumbusho ya Guggenheim huko New York, ni blanketi la viraka lenye urefu wa karibu mita 1.9. Katikati kuna kanvasi iliyochorwa kwa rangi ya akriliki: paa la nyumba ya Harlem usiku wa joto, watu wazima mezani wakicheza karata, watoto wawili wamejilaza. Mmoja wao, Cassie, anaonekana tena angani, akiruka juu ya daraja la George Washington. Hadithi yake imeandikwa kwa mkono juu na chini ya picha. Pembezoni ndipo vilipo vitambaa.

Mwonyeshe kazi hii mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kanga. Ataona mji, jina na pindo. Sidai kwamba Ringgold aliiga kanga. Nasema tu kwamba sisi tunalo neno linalotosha. Fremu unaibandua na picha inabaki nzima. Kata pindo, kisha uniambie umebaki na kanga gani.

Hata hivyo, kazi ninayoipenda zaidi si hiyo. Mama yake Ringgold, Willi Posey, alikuwa mbunifu wa mavazi Harlem, na mwaka 1980 walitengeneza pamoja Echoes of Harlem: nyuso 30 zilizochorwa, zikapangwa katikati ya vipande vya kitambaa. Posey alifariki mwaka uliofuata. Humo hakuna katikati wala pembeni. Jicho linatoka usoni, linaingia kwenye kitambaa, linakuta uso mwingine. Katika Tar Beach rangi imepewa hadithi yote, na vitambaa vimekuwa majirani wema wasioingilia mazungumzo. Ni nzuri, ila imetulia mno. Labda ndiyo sababu inapendwa hivyo.

Wengine watanirudisha kwa Robert Rauschenberg na Bed yake ya 1955: mto, shuka na blanketi la viraka vilivyosimamishwa ukutani, rangi ikamwagiwa sehemu ya juu. Kazi ina nguvu, sikatai. Lakini blanketi lile lilikuwa tayari na mpangilio wake wa rangi kabla brashi haijaligusa. Kuna mtu aliyekata, akalinganisha, akashona. Maelezo ya kazi yanalitaja blanketi pamoja na penseli na mbao, kama malighafi. Neno "fremu" linafanya vivyo hivyo, kwa upole zaidi: linamwacha mshonaji nje ya picha.

Echoes of Harlem ni kazi ya watu wawili, binti na mama.