Pedeli Ngumu Haitoshi: Kupima Kazi ya Mafuta ya Breki, Butembo na Beni

Fundi anakanyaga pedeli, inasimama juu, ngumu, naye anafunga boneti na kudai hela yake. Kwa wenye magari wengi wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hicho ndicho kipimo cha mwisho. Mimi nakiita nusu ya kipimo. Pedeli ngumu gari likiwa baridi inathibitisha kwamba upepo umetoka kwenye mabomba. Kuhusu maji haisemi lolote, na katika nchi ya vilima kama hii maji ni adui wa hatari zaidi, kwa kuwa asubuhi hajitokezi.

Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, hufyonza unyevu wa hewani. Hufyonza kupitia mipira, na hufyonza kila kifuniko kinapofunguliwa. Kanuni inataka DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakiingia maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka kwenye kalipa yanatoa mvuke. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo mguu unazama hadi sakafuni. Gari likishapoa mvuke unarudi kuwa majimaji, pedeli inakuwa ngumu tena, na atakayelikagua kesho yake atasema breki ni nzima.

Butembo iko juu ya mita 1,700, Beni iko chini yake kwa zaidi ya mita 500, na kati yao kuna kilomita 50 na ushei za barabara ya taifa namba 2, panda shuka. Hewa ya Butembo ni nyepesi kiasi kwamba maji ya chai hutokota karibu na nyuzi 94. Mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwa teksi na kwa gari la mizigo la huku, mimi nasema kila mwaka. Anayeshuka mteremko wa Kabasha, kutoka Kanyabayonga kuelekea tambarare ya Rwindi, akiwa na mafuta yasiyojulikana umri wake, amejitia hatarini yeye na abiria wake.

Anza kwa kukagua chupa kabla ya fundi. Dukani ukiomba Lockheed utaeleweka: jina hilo linatokana na Malcolm Loughead, Mmarekani ambaye breki zake za mafuta zilifungwa kwenye magari ya Duesenberg mwaka 1921. Lakini jina halikuambii kilichomo. Soma alama ya DOT, hakikisha lakiri chini ya kifuniko haijakatwa, na ukatae mafuta yanayopimwa kutoka kwenye dumu lililo wazi. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine. Kisha fungua kopo la mafuta ya breki la gari lako, utazame mpira wa ndani ya kifuniko. Ukiwa umevimba na kulegea, kuna aliyewahi kumimina mafuta ya injini au ya usukani, na hapo kutoa upepo hakutakusaidia: mipira yote ya mfumo imeshaharibika, sharti ibadilishwe.

Sasa tazama mikono. Fundi stadi hupuliza skrubu za kutolea upepo mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, huzisugua vumbi, na huzifungua kwa spana ya pete, kwa sababu spana ya mdomo hula pembe. Kabla ya kugusa gurudumu lolote, hufyonza mafuta machafu kwenye kopo kwa bomba la sindano na kujaza mapya. Asiyefanya hivyo anayasukuma machafu yale yale kupita mfumo mzima.

Halafu sikiliza. “Kanyaga!” “Shika!” Skrubu inafunguliwa, inafungwa, ndipo “Achia!” Neno hilo la tatu likitangulia kufunga, upepo unaingia upya. Mpira mwembamba wa dripu uwe umezama ndani ya mafuta kwenye chupa, ili viputo vionekane. Chini ya pedeli, kwenye gari kuukuu, napenda kuona kipande cha ubao: pedeli ikifika sakafuni, mipira ya masta silinda inapita sehemu yenye kutu isiyofikiwa siku zote, na inachanika. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ingawa magari mengine yana utaratibu wake, hasa yenye ABS. Kwenye baadhi ya Hilux kuna vali inayopima mzigo karibu na ekseli ya nyuma, nayo ina skrubu yake. Fundi anayeikumbuka bila kuulizwa, mshike.

Amalize pale mafuta yanapotoka na rangi ile ile ya chupani. Viputo kukoma hakutoshi, na hapa ndipo wanaobana mafuta hujulikana: gari dogo linataka karibu lita nzima.

Mwisho washa injini huku mguu ukiwa juu ya pedeli. Itashuka kidogo, kwa nguvu ya sevo, kisha itasimama. Ikiendelea kuzama polepole, masta silinda inavuja kwa ndani, au kuna uvujaji mahali pengine. Ikipanda kila unapoipigapiga, upepo umebaki au viatu vya dramu za nyuma viko mbali. Watu wameshamwaga chupa nzima wakitafuta upepo, kumbe ilitakiwa kurekebisha viatu tu. Zunguka polepole mahali tambarare, urudi, upapase kila skrubu kwa kidole kikavu, uhakikishe vifuniko vyake vya mpira vimerudishwa. Mafuta yaliyodondokea rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja. Yale machafu yafungwe kwenye chupa iliyoandikwa, mbali na watoto, maana ni sumu na rangi yake inafanana na soda. Na ya chupa iliyobaki nusu, yakishakaa miezi, usiyarudishe kwenye breki za mtu yeyote.