Wanaowaunganisha Waelimishaji wa Makumbusho

Mwalimu aliyewahi kupeleka darasa Fort Jesus au Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam anajua tofauti anayoleta mwelimishaji hodari. Ndiye anayepanga zamu ili mabasi ya shule yasigongane mlangoni, na anayeyageuza maelezo ya kabatini yawe lugha ya mtoto wa darasa la tatu. Katika makumbusho madogo kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja, asiye na mwenzake wa kumuuliza.

Uingereza, waelimishaji wa makumbusho walianza kuungana mwaka 1948. Chama chao leo kinaitwa GEM. Heshima yangu ni kwa wanaobeba vyama vya namna hiyo, kokote viliko. Wengi wana ajira zao, na kazi ya kamati huifanya jioni, bila malipo. Kuna wa kukumbusha ada kwa upole, mara ya pili, mara ya tatu. Kuna wa kumsihi mkurugenzi amruhusu mfanyakazi wake aende mkutanoni. Mhariri wa jarida la chama naye hukaa na mtu mwenye maarifa ya miaka mingi ambaye hajawahi kuandika makala, wakaipanga upya rasimu yake aya kwa aya.

Gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kumfikia yule wa mbali, asiyejua kwamba wenzake wapo: kulipata jina lake, kumwandikia, kumtafutia nauli, kisha kumpa nafasi ya kusema mbele ya wakubwa. Hivyo ndivyo chama kinavyokua, mwanachama mmoja mmoja.