Nani Anasafiri? Barabara na Mwendo katika Petals of Blood

Tangu riwaya hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o ichapishwe mwaka 1977, wahakiki wengi wameisoma Barabara ya Trans-Afrika inayopita Ilmorog kuwa ishara ya ubepari, wakaishia hapo. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi, hadi mwanafunzi mmoja wa uzamili aliponiuliza: "Mwalimu, ni nani hasa anayesafiri katika barabara hiyo?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Hatuna budi kuanza na miguu. Sehemu ya kwanza ya riwaya imepewa jina la kutembea, na tukio kuu linaloifuata ni safari ya wanakijiji kwenda mjini kumwona mbunge wao, Nderi wa Riera, wakati wa ukame. Chombo chao ni kigari kinachokokotwa na punda wa Abdulla. Njiani Joseph anaugua, nao wanabisha milango ya wenye nacho na kufukuzwa. Hata hivyo safari hiyo ni yao. Wanapumzika kwa pamoja, na ni humo ambamo Nyakinyua na Abdulla wanapata nafasi ya kusimulia historia. Mwendo wa polepole ndio unaozaa masimulizi.

Punda huyo baadaye anauawa na ndege ndogo iliyoanguka kijijini. Wahakiki hupita hapa haraka, ilhali chombo cha maskini kinaondolewa jukwaani kabla ya barabara kuingia. Kisha mtambo unafagia makao ya Mwathi wa Mugo, benki inakuja na mikopo, Nyakinyua anapoteza shamba lake, na haki ya kutengeneza Theng'eta inaangukia mikononi mwa Mzigo, Chui na Kimeria. Kuanzia hapo hatusimuliwi tena safari ya umma wa Ilmorog. Karega husafiri, naam, lakini kwa kusukumwa na haja ya kazi. Abdulla, aliyekuwa na punda, duka na hadithi, anaishia kuuza machungwa na ngozi za kondoo kando ya barabara. Jibu la mwanafunzi wangu limo humo: barabara imewageuza wasafiri kuwa watazamaji wa safari za wengine.

Tulinganishe na A Grain of Wheat (1967). Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901 ilikuwa chombo cha ukoloni, na Mwafrika alisafiri daraja la tatu. Lakini gari la moshi lilisimama Rung'ei, na vijana walikwenda stesheni kukutana, kupendana na kushindana. Mbio za Gikonyo na Karanja haziwezekani pasipo kituo. Yamkini tofauti kubwa baina ya riwaya hizi mbili, kwa mintarafu ya usafiri, ni kituo.

Kasoro ya Ngũgĩ nayo isifichwe. Ilmorog Mpya imesimuliwa kwa pupa, mithili ya ripoti. Dereva, utingo na mpakiaji, ambao pia huishi kwa barabara, hawapewi sauti ya kutosha, na kwa hiyo maangamizi yanaonekana kama kudra, si maamuzi ya watu.

Maamuzi yanayo majina. Mwai Kibaki, akiwa Waziri wa Fedha, ndiye aliyeizindua riwaya hii Nairobi mwaka 1977. Ndiye pia, akiwa Rais, aliyezindua mradi wa LAPSSET kule Lamu mwezi Machi 2012, pamoja na viongozi wa Sudan Kusini na Ethiopia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Reli mpya ya mwaka 2017 ina stesheni kuu Syokimau na Miritini, nje ya kitovu cha miji, na msafiri humalizia safari kwa matatu. Barabara ya kulipia ya kilomita 27, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2022, haimruhusu mtembea kwa miguu wala bodaboda. Chini ya nguzo zake, barabarani Mombasa Road, wachuuzi wanapita katikati ya magari yaliyokwama wakiuza njugu, maji na, ndiyo, machungwa.