Muuguzi wa Maji

Jerikani la njano linalobebwa kila alfajiri katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, hujaa kwa lita 20. Kiasi hichohicho ndicho UNHCR hukiweka kuwa lengo la mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Na kwa sadfa ndicho kiasi cha tangi dogo la kioo linalomtosha beta mmoja, yule samaki mpiganaji wa Siam mwenye mapezi marefu kama kanga iliyoshikwa na upepo. Sadfa hiyo naishikilia kwa makusudi, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani ya jerikani hilo. Anayemuuguza beta aliyeugua, kwa sehemu kubwa ya kazi yake, anauguza maji. Huo ni ufundi kamili, wenye utaratibu wake na adabu yake, nami nausifu kwa moyo mmoja, hata mbele ya wanaouona kuwa mchezo wa watoto.

Kinachowaua beta wengi ni sifa yao njema. Karibu na matamvua, beta ana kiungo chenye mikunjo mingi kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, urithi wa mashamba ya mpunga na madimbwi ya Thailand, ambako maji husimama na hewa ndani yake huwa haba. Uganda haishangazwi na hilo. Katika vinamasi vya Ziwa Edward na Ziwa George wamo ndugu zake, Microctenopoma damasi, ambao dume lao hujenga kiota cha mapovu na kukilinda vilevile. Na kila mvuvi anamjua kamongo, anayepanda kuvuta pumzi. Kutokana na sifa hiyo watu wamekata shauri kwamba samaki wa namna hii anaweza kuishi katika glasi. Wametazama kinachoingia mwilini wakasahau kinachotoka. Samaki hutoa amonia, taka ya chakula chake, hasa kupitia matamvua, nayo hutoka kwa urahisi pale tu maji ya nje yanapokuwa na amonia kidogo kuliko damu. Maji yakijaa, mlango umefungwa. Beta ataendelea kuvuta hewa safi huku matamvua yakiungua, na mwenye nyumba asitambue, kwa kuwa maji ya amonia yanaweza kung'aa kama ya chemchemi. Tena amonia ina sura mbili, kali na pole. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura kali; kwenye pH 8 sehemu hiyo hufika kama asilimia 5, na kwenye pH 9 hupita theluthi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji mengine, wala si maji yoyote. Ya bomba mjini Mbarara hutoka Mto Rwizi, ya Nakivale hutoka ziwani, na yote husafishwa na kutiwa klorini. Viwango vya misaada ya dharura hutaka miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini zibaki katika kila lita, na hakuna mwenye akili atakayelalamika, maana ndizo zinazosimama kati ya watoto na kipindupindu. Lakini huchoma matamvua, na huwaua bakteria wanaokaa kwenye sifongo la chujio na kwenye changarawe, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na ukali mwingi. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anayeliosha sifongo chini ya bomba hubomoa kazi hiyo kwa dakika moja. Fundi huyaacha maji katika beseni lililo wazi mchana na usiku hadi klorini ipotee. Hulisuuza sifongo ndani ya maji aliyoyatoa tangini. Mgonjwa akizidiwa, hubadilisha robo ya maji kila siku badala ya kuyamwaga yote, kwani badiliko la ghafla nalo ni pigo.

Kisha joto. Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hushuka hadi nyuzi 15 au chini kidogo. Beta anataka 24 hadi 28. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, tumbo huchelewa kusaga chakula na kinga ya mwili hulegea, na glasi moja ya maji hupoa upesi kuliko lita 20. Penye umeme, hita ndogo na kipimajoto vinatosha. Pasipo umeme, tangi huwekwa mbali na mlango, hufunikwa, huzungushiwa blanketi, na jioni hutiwa ndani chupa iliyozibwa vizuri yenye maji ya moto, joto lipande kama nyuzi moja kwa saa. Lakini joto huongeza ile sura kali ya amonia, hivyo anayepasha maji machafu anamzidishia mgonjwa sumu. Kwanza usafi, halafu joto. Mpangilio huu naupenda kuliko jambo lolote katika kazi hii: mambo mawili mema, yakipinduliwa zamu, yanaua.

Ankole, zilimo Mbarara na Isingiro, ni nchi inayojua kumsoma mnyama kwa macho. Mfugaji wa huko humwita ng'ombe wake kwa jina linalotokana na rangi na pembe zake, na hujua nani ameamka vibaya kabla kundi halijatoka zizini. Kumtazama beta kunadai jicho la namna hiyo. Mapezi yaliyokunjwa kama mwavuli, rangi iliyopauka, kujikuna kwenye changarawe, kulala sakafuni saa ambayo jana alikuwa akizunguka: kila moja ni neno, na neno moja halitoshi kuhukumu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Beta mgonjwa hanyimwi swali tu, bali na uji wenyewe, siku moja au mbili, kwa sababu chakula kisicholiwa huoza na kurudi kuwa amonia. Mkono unaotaka kulisha kwa huruma ndio wa kwanza kuzuiwa.

Mkono wa pili ni ule unaokimbilia dawa. Tetrasaiklini ikimiminwa tangini bila kujua ugonjwa, huweza kuwaua bakteria wasafishaji pamoja na wale waovu, maji yakaharibika siku ambayo mgonjwa anayahitaji zaidi. Na huko nje huwafundisha vijidudu kuishinda dawa inayowahitaji binadamu. Chumvi ni mnyenyekevu zaidi. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia bila kukoma na figo zake hazipumziki. Kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 4, kilichoyeyushwa kando kwanza, hupunguza kazi hiyo kwa siku chache. Dawa halisi nazo zina mahali pake. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni kazi ya kimelea ambaye dawa haimfikii akiwa chini ya ngozi. Hufa akiwa anaogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Mwenye kuacha tiba siku madoa yanapotoweka ameacha vita adui akiwa amejificha sakafuni. Katika joto mzunguko wa kimelea huyo huisha kwa siku chache, katika baridi huburuta kwa wiki, na hivyo tunarudishwa tena kwenye maji.

Pingamizi zito kuliko yote ni la aibu. Makazi haya ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa Wanyarwanda na ambayo leo yamejaa Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi, ni mahali ambapo WFP ilipunguza mgawo wa chakula kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na upunguzaji haukuishia hapo. Je, inafaa kusifu huko ufundi wa kumuuguza samaki asiyeliwa? Nalichukua swali hili kwa uzito, na jibu langu la kwanza ni hesabu. Tangi lililotulia hubadilishwa robo kwa wiki, yaani lita 5, chini ya lita moja kwa siku. Maji yanayotoka yana nitrati na huinywesha bustani ya mchicha, ambao Wakongo huuita lengalenga na Waganda dodo, ilimradi hayajatiwa chumvi. La pili ni kwamba maarifa haya hayabaki tangini. Aliyeielewa amonia ndani ya lita 20 ameielewa ndani ya bwawa la sato na kambare; anayejua kwa nini klorini huachwa itoke kwa ajili ya samaki anajua kwa nini isiachwe itoke katika maji ya kunywa. La tatu silifichi nyuma ya faida: aliyepoteza nyumba hajapoteza haki ya kutunza kitu kwa ustadi. Kumwambia mkimbizi kwamba haja zake ziishie tumboni ni kumpunguzia mgawo mwingine.

Wapo wasemao samaki huyu hufa tu. Ni kweli wengine hufa. Tumbo likivimba na magamba kusimama kama kuku aliyetimua manyoya, mara nyingi figo zimekwisha, na muungwana hujua kuacha. Mafuta ya karafuu, yaleyale ya Unguja na Pemba, kwa kiasi kidogo humlaza samaki usingizi, na kwa kiasi kikubwa humwondoa bila mahangaiko. Kulijua hilo ni sehemu ya ufundi. Wapo pia wanaoogopa samaki wa kigeni, na hofu hiyo naishiriki. Sangara aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 aliwafagia furu wengi, na ngege wa asili amepata kimbilio katika maziwa madogo ya pembezoni. Beta asimwagwe Rwizi wala Ziwa Nakivale, mzima wala mgonjwa, wala maji yake yasimwagwe huko.

Pezi lililooza, maji yakikaa vizuri, huanza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Ukingo mpya hutoka bila rangi, mwembamba kama utando wa kitunguu, na asiyeuzoea huudhani ugonjwa mwingine, akakimbilia dawa. Muuguzi huuona kwa mwanga wa simu uliotupwa ubavuni mwa kioo, kisha huinama kwenye beseni la jana na kuteka lita 5 zake kama kawaida.